Muziki wa Chumba cha Kusubiri

Daktari wa meno alikuwa na mikono myepesi, kila mtu alikiri hivyo, lakini zahanati yake ilikuwa na kasoro moja: benchi la wagonjwa lilipakana na chumba cha matibabu, na ukuta uliotenganisha ulikuwa wa mbao nyembamba. Mashine ya kutoboa meno ikianza kulia kule ndani, waliokaa nje walitazamana kama kuku waliosikia kisu kikinolewa. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba ameacha jiko linawaka. Mwingine alipokea simu ambayo haikuwa imeita. Mlango ulipofunguliwa ili aingie anayefuata, benchi lilikuwa jeupe, limebaki na joto tu la waliotoroka.

"Wanakimbia," daktari alimwambia binti wa mapokezi.

"Na mimi ningekimbia, shangazi, ila hapa ndipo ninapofanyia kazi."

Binti huyo alikuwa mtoto wa kaka yake. Nyumbani walimwita Kiroboto, jina alilobandikwa na bibi yake kwa sababu tangu alipojua kutembea hakuna aliyewahi kumwona ametulia mahali. Shangazi yake alimpa kazi ya mapokezi akitumaini kwamba kiti na meza vitamfundisha kukaa. Kiti kilikuwa cha magurudumu. Hakikufundisha kitu.

"Nitafutie muziki," daktari alisema. "Ule wa taratibu. Usio na maneno, usio na ngoma za kutikisa mabega. Mtu akiusikia asahau kama ana mdomo."

"Akisahau kama ana mdomo, wewe utatibu nini?"

"Kiroboto."

"Abee, shangazi."

"Katafute. Na hapa kazini mimi ni daktari."

"Sawa, shangazi daktari."

Kiroboto alikuwa mtu wa muziki wa kurusha roho. Kwake wimbo usiomnyanyua mtu kitini ulikuwa maiti, unangoja kuzikwa. Lakini agizo ni agizo, akachukua simu yake, akaanza kuchimbua. Alikuta dunia ambayo hakujua kama ipo. Kulikuwa na watu waliorekodi upepo. Kulikuwa na waliorekodi kengele ikilia mara moja, kisha wakaiacha ififie mpaka ukasahau kwamba ililia. Kulikuwa na bwana mmoja ambaye alibonyeza kitufe kimoja cha kinanda, na ni kama alikwenda kuchemsha chai, akanywa, akaosha kikombe, ndipo akarudi kubonyeza kingine.

"Na huyu naye anaitwa mwanamuziki," Kiroboto alinong'ona, lakini hakuzima.

Alianza na maji: kijito kinachotiririka juu ya mawe, na mvua nyepesi kwa mbali. Alikiweka kwenye spika iliyokuwa juu ya kabati, akarudi kitini kwa fahari. Haukupita muda mgonjwa wa kwanza akauliza choo kiko wapi. Akafuata wa pili. Kabla ya adhuhuri ufunguo wa choo ulikuwa unapita mkono kwa mkono, na foleni ya choo ilikuwa ndefu kuliko ya daktari.

Akabadilisha. Aliweka nyangumi, kwa kuwa mahali fulani palisemwa kwamba sauti ya nyangumi hushusha mapigo ya moyo. Babu mmoja mwenye fimbo alisikiliza ule mlio mrefu wa huzuni, akautazama mlango wa daktari, akauliza, "Huyo aliyemo ndani anatolewa nini, jino au roho?" Hakungoja jibu. Kwa umri wake na fimbo yake, alitembea haraka ajabu.

Siku iliyofuata Kiroboto alipata alichokitafuta. Ulikuwa muziki wa mdundo wa polepole, kama moyo wa mtu aliyelala, na juu yake sauti nzito iliyovuma bila kupanda wala kushuka. Hauna kichwa wala miguu, alijiambia. Lakini mabega ya wagonjwa yaliteremka. Mama mmoja aliyekuwa ameushikilia mkoba wake kama anayetarajia kuporwa aliuweka chini. Mashine ikalia kule ndani, na hakuna aliyekumbuka jiko.

Hapo ndipo Mzee Mnofu alipoingia.

Mzee Mnofu alikuwa muuza nyama wa bucha la jirani, mtu mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuja mara ya kwanza kuuliza ni kitu gani kinavuma ukutani kwake. Alipoambiwa ni muziki, akaomba apumzishe mguu kidogo kwenye benchi. Akaupumzisha mguu, kisha mgongo, kisha kichwa, na baada ya hapo akawa hayupo tena duniani.

Kesho yake alirudi mchana, amelishika shavu.

"Jino, binti yangu."

"Pole, mzee. Lipi?"

"La nyuma."

Keshokutwa lilikuwa la mbele. Siku nyingine maumivu yalihamia upande wa pili bila kuaga. Na kila zamu yake ilipokaribia, Mzee Mnofu alijaa huruma. "Mtangulize huyo mama mwenye mtoto," alisema akiwa amefumba macho. "Mimi navumilia." Alivumilia kwa kukoroma. Baadaye aliamka, akajinyoosha, akatangaza kwamba jino limepoa, zahanati hii ina baraka, akaondoka na uso umenawiri kama embe lililoiva.

Kiroboto alielewa mapema. Kutoka mezani kwake, kupitia dirisha la pembeni, aliuona mlango wa bucha, na juu yake kibao alichokitundika mzee mwenyewe: NIMEKWENDA MACHINJIONI. NARUDI. Alikisoma kibao, akamtazama aliyekwenda machinjioni, mdomo wazi, viatu vimemtoka miguuni. Mwingine angemwamsha au angemwambia daktari. Kiroboto alisikiliza.

Kwa sababu ule mkoromo, jamani, haukuwa wa kawaida. Ulianza chini kabisa, kama kabati zito linaloburutwa kwenye sakafu ya jirani. Ukapanda. Ulipofika juu ukakatika, kimya, kimya kirefu mpaka benchi zima likabana pumzi. Kisha ukatoka mluzi mwembamba, mtamu, na baada ya mluzi mzee akatafuna kidogo, kama aliyeonja kitu akakikubali. Na wagonjwa, badala ya kukereka, walikuwa wanapumua pamoja naye. Alipobana walibana, alipoachia waliachia.

Kidole cha Kiroboto kilianza kuwasha. Akajifanya ameangusha kalamu, akainama, akaitelezesha simu chini ya benchi ikiwa inarekodi, usawa wa kichwa cha mzee.

Simuni mwake kulikuwa na programu ya kuchezea sauti, nayo ilimchukua mchana wote uliobaki. Aliuvuta mkoromo ukawa wa polepole zaidi. Akautia mwangwi. Akaulaza juu ya ule muziki wa mdundo wa moyo, akaupunguza hapa, akauongeza pale. Kilichotoka hakikuwa tena muuza nyama. Kilikuwa kama upepo unaopita ndani ya bomba kubwa lisilo na mwisho, na kila baada ya muda ndege mmoja asiyejulikana akapiga mluzi. Hata Kiroboto mwenyewe alipousikiliza alijikuta ameacha kuzungusha kiti.

Asubuhi aliuweka kwenye spika bila kusema neno. Daktari alitoka na glavu mkononi, akasimama.

"Huu ni mpya?"

"Ndiyo, daktari."

"Huyu mtu ana utulivu wa ndani. Ni nani?"

Hapa Kiroboto angeweza kuukata uongo ungali mfupi. "Bwana mmoja wa mbali," alisema. "Anaishi peke yake mlimani. Haonani na watu. Hali hata nyama."

"Inasikika," alisema daktari, akarudi kazini akipumua vizuri.

Mzee Mnofu naye aliusikia mchana ule ule. Alikaa, akainua kidole, akafumba macho. "Hii! Huyu anaelewa maisha! Nani huyu?"

Kiroboto akamsimulia habari za mlimani, macho makavu kabisa. Alipofika kwenye kutokula nyama, mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Basi," alisema, "kila mtu na kasoro yake." Akalala. Sasa kulikuwa na mikoromo miwili, mmoja wa benchi na mmoja wa spika, inapishana na kuitikiana, na Kiroboto ilibidi aingie chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Mambo yangeendelea hivyo, lakini jino halisi halina adabu ya kusubiri. Asubuhi moja aliingia mama mmoja, shavu limevimba, amejifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini. Vidoleni alikuwa na alama za sindano na begani kapachika uzi mwekundu aliousahau. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Kiroboto alimjua kwa sura tu.

"Nimekaa nalo wiki," alisema kwa upande mmoja wa mdomo. "Naogopa hiyo mashine kuliko kaburi."

"Kaa, mama. Sikiliza muziki, hofu itashuka."

Fundi akakaa. Bwana wa mlimani alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuburuta kabati lake. Fundi akageuza kichwa. Akatazama chini ya benchi. Akamtazama babu mwenye fimbo, ambaye alikuwa amerudi siku hiyo kwa ujasiri mpya.

"Nani anakoroma?"

"Hakuna anayekoroma, mama. Ni muziki."

"Muziki." Fundi alifungua kitambaa kidogo upande wa sikio. "Sasa atanyamaza," alisema.

Spika ikanyamaza.

"Ngoja. Ngoja. Haya, mluzi."

Mluzi ukatoka.

"Na sasa atatafuna, kama mbuzi."

Ukatoka ule mtafuno, mrefu, wenye mwangwi. Babu mwenye fimbo alishika moyo. Fundi akamgeukia Kiroboto polepole.

"Binti, huu muziki nimelala nao tangu nilipoolewa. Huyo ni mume wangu."

Kiroboto hakuwahi kufikiri kwamba Mzee Mnofu ana mke, na kwamba mke ana masikio.

"Alikuimbia lini?" fundi aliuliza.

"Hakuimba, mama. Alilala tu."

"Alilala wapi?"

"Hapo ulipokaa."

"Lini?"

"Mchana. Mchana... mara nyingi."

"Mchana mume wangu yuko machinjioni, anachagua ng'ombe."

Kiroboto alikitazama kibao cha bucha kupitia dirishani, akayarudisha macho haraka. Fundi alikuwa ameshayafuata. Aliurudisha mkono shavuni, na Kiroboto akaona machozi yanamjaa. Akajuta. Kweli akajuta.

"Mama, nisamehe, nilikuwa natania..."

"Nilidhani ni mwanamke," fundi alisema. "Anarudi nyumbani uso unang'aa, anapiga mluzi. Machinjioni kuna nini cha kumng'arisha mtu? Nimeshona nguo za watu huku nawaza, huyu ndiye? Au yule? Kumbe mwanamke mwenyewe ni benchi!" Akaanza kucheka, na kicheko kikamgusa jino, akacheka huku analia na kugonga goti.

Kelele zikamtoa daktari. Habari yote ikamwagika mbele yake, mlima na kila kitu. Alimtazama mpwa wake kwa jicho ambalo Kiroboto alilijua tangu utotoni, jicho la ngoja wageni waondoke.

"Hali nyama," daktari alisema.

"Daktari, ilinitoka tu."

"Tutazungumza." Akamshika fundi mkono, akamwingiza ndani, akampiga ganzi, akalishughulikia jino lake. Na kwa vile wote wawili walikuwa wanawake wenye waume, waliongea huku kazi inaendelea, mmoja kwa maneno, mwingine kwa kuguna. Walipotoka walikuwa wamepatana jambo.

"Kiroboto," daktari alisema, "leo mchana usipange mtu mwingine. Na mletee mama koti jeupe na barakoa."

Mzee Mnofu alifika wakati wake, shavu mkononi. Benchi lilikuwa tupu.

"Karibu, mzee. Ingia moja kwa moja, daktari anakusubiri."

"Moja kwa moja?" Alitafuta mama mwenye mtoto. Hakumwona. "Hakuna aliyezidiwa kuliko mimi?"

"Hakuna. Umevumilia vya kutosha."

Aliingia kama fahali anayesukumwa. Wakamlaza kwenye kile kiti, miguu juu, kichwa chini, taa usoni. Pembeni ya daktari alisimama msaidizi mfupi mwenye barakoa iliyofunika kila kitu isipokuwa macho. Kiroboto alibaki mlangoni, spika kifuani.

"Lipi linauma?" daktari aliuliza.

"Hili. Ila naona limepoa."

"Jana lilikuwa lipi?"

"La upande ule. Nalo limepoa."

"Jino linalouma na kupoa lenyewe ni baya sana. Dawa yake kung'oa. Nitang'oa yote mawili." Akanyoosha mkono. Msaidizi akamkabidhi koleo.

"Daktari! Subiri, daktari! Mimi sina jino. Yaani ninayo, lakini hayaumi. Ukweli nakuja kulala!"

"Nyumbani huna kitanda?"

"Kitanda ninacho. Lakini kitandani kuna kiwiko." Jasho lilimtoka, na maneno yakamfuata. "Nikianza kuuonja usingizi tu, kiwiko. Nikigeuka, kiwiko. Mbavu zangu zimekuwa kama za ng'ombe wa kiangazi. Mke wangu ni mwema, daktari, simsemi vibaya, lakini ananisingizia. Ati nakoroma!"

"Na hukoromi?"

"Mimi? Sijawahi kujisikia hata siku moja."

Daktari akamtazama Kiroboto. Kiroboto akawasha spika. Kabati likaburutwa, kimya kikatanda, mluzi ukalia.

"Na huyu ni nani?" aliuliza msaidizi kwa sauti nzito ya ganzi.

"Huyo? Huyo ni yule bwana wa mlimani."

Msaidizi akaivuta barakoa chini ya kidevu. "Bwana wa mlimani," alisema, "habari za machinjioni?"

Mzee Mnofu alitaka kuinuka, lakini kiti kile kikikulaza hakikuachii hivi hivi. Alipiga miguu hewani kama kasa aliyepinduliwa. Alimtazama mkewe, akaitazama spika, akamtazama Kiroboto aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Huyo... ni mimi?"

"Ni wewe," mkewe alisema. "Umevutwa kidogo."

Akasikiliza tena. Uso wake ulipita kwenye aibu, ukapita kwenye hasira, na ajabu, ukafika mahali pengine kabisa. "Lakini," alisema, "si mbaya."

Hapo fundi alishindwa. Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda cha daktari, na ganzi ikamfanya acheke kwa upande mmoja, jambo lililomchekesha daktari pia. Mzee Mnofu, ambaye hakuwa na njia nyingine, akacheka naye huku miguu iko juu.

"Ungeniambia," mkewe alisema baadaye, akijifuta macho. "Ungesema mke wangu nimechoka, kiwiko chako kinaniua."

"Na wewe ungeniambia unadhani nina mwanamke."

"Ningekuambiaje, na wewe uko machinjioni?"

Daktari alikuwa ameinama, maana mdomo wa mgonjwa wakati wa kucheka huwa wazi kabisa. Akasogeza taa. "Mzee," alisema, "usiinuke. Hili la chini lina tundu la kuingia harage."

Mzee Mnofu akaacha kucheka. Mashine ikalia. Kiroboto, kwa nia njema kabisa, akaongeza sauti ya muziki.

"Zima!" mzee alipiga kelele. "Zima hiyo! Mtu hawezi kujituliza mwenyewe!"

Jioni daktari alimkalisha mpwa wake kwenye kiti kisicho na magurudumu. Hakumpigia kelele. Alimuuliza tu angejisikiaje yeye akilala mahali, na watu wasiomjua wakachukua usingizi wake wakauweka kwenye spika. Asubuhi Kiroboto alikwenda buchani, akasimama mbele ya kaunta, akaomba radhi mbele ya wateja, na akaufuta ule mkoromo mzee akiona.

"Umeufuta wote?" Mzee Mnofu aliuliza, na sauti yake ilikuwa na majonzi kidogo.

"Wote, mzee."

"Haya. Umefanya vizuri." Akakata nyama mara mbili tatu. "Ule mluzi tu ndio ningependa mama yangu ausikie."

Siku hizi mzee analala mchana kwenye chumba cha kushonea cha mkewe, nyuma ya marobota ya vitambaa. Fundi anasema cherehani na mume wake wanafunikana sauti, hakuna anayemsumbua mwenzake. Na kibao cha bucha kimebadilishwa: MWENYEWE AMELALA. SUBIRI AU URUDI.

Zahanati ilibaki bila muziki, maana hata ule mdundo wa moyo sasa uliwakumbusha wote mkoromo, na siku mbili tu zilitosha watu kuanza kukumbuka majiko yao. Kiroboto akarudi kutafuta, safari hii bila ujanja. Alisikiliza mmoja mmoja mpaka mwisho, hata yule bwana wa kitufe kimoja na kikombe cha chai. Alichagua wimbo mrefu wa kinanda na nyuzi, unaotembea taratibu kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka na bila mzigo. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyeuliza choo, hakuna aliyekoroma.

Mchana mmoja usio na wagonjwa, daktari alitoka ndani, akavua glavu. Alisimama akisikiliza. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu afungue zahanati ile: alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Akavua viatu. Akajilaza kwa urefu, koti jeupe likining'inia.

"Shangazi," Kiroboto alinong'ona, "mgonjwa akija nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri," alisema daktari, macho yamefumbwa. "Hiki si chumba cha kusubiri?"